Maelezo Kuhusu Bangili ya Fedha Iliyotengenezwa kwa Vumbi

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Mama Fundi, ndivyo ninavyofahamika. Umri: miaka 58. Kazi: kushona foronya. Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya mashine ya kusaga.

Mimi ni mama mzazi wa mtuhumiwa. Binti yangu ni sonara, mwanamke peke yake katika karakana ile, na mkono wake haukosei. Andika hivyo, afande.

Mnamo tarehe 3 alinivika bangili. Aliitengeneza kwa vumbi la fedha linaloanguka mezani wakipiga tupa. Alilifagia mwaka mzima, akaliyeyusha. Akaniambia, "Mama, vaa, ila usiitembeze." Nilidhani cha kufagiwa hakina mwenyewe.

Tarehe 9, saa nne asubuhi, tukiwa bombani, jirani yangu muuza mkaa aliiona imeshika weusi akacheka. "Shoga, bati hilo! Mwanao kakupakia rangi." Nilimjibu kwamba fedha hushika weusi kwa jasho, ukiisugua na majivu inarudi kung'aa. Akasema, "Kapime basi." Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Niliacha ndoo pale pale.

Saa tano na robo nilifika karakanani kwa tajiri yake. Binti yangu alikuwa mezani, alinitikisia kichwa. Nilidhani anaona haya kusifiwa.

Tajiri alipitisha sumaku, haikunasa. Akakwangua kidogo, akadondosha tindikali, pakawa pekundu. "Mama, hii ni safi kuliko za kabatini. Umeitoa wapi?"

Nilisema kwa sauti, hata wa mlangoni wasikie: "Kaitengeneza huyo huyo! Kwa vumbi lenu mnalotupa!"

"Hatulitupi, mama," akasema. "Nimelitafuta mwaka mzima."

Binti yangu akaweka nyundo chini.

Leo ningesema ni bati, lakini tindikali imeshanitangulia kusema. Nimejaribu kuivua kwa sabuni, haitoki. Kama lazima ikatwe, naomba ikatwe kwenye kiungo, pale alipounga, ili akitoka aweze kuiunga tena.

Nimesomewa niliyoyasema, na yote yametoka kinywani mwangu.

Sahihi ya shahidi: Mama Fundi

Maelezo yamechukuliwa nami, koplo wa zamu, saa 8:40 mchana. Bangili, gramu 32, ni kielelezo. Mlalamikaji mwenyewe, tajiri wa karakana, alisaidia kutafuta kiungo kwa lenzi. Hakikuonekana. Imekatwa popote.