Draiva ya Zamani

Kakuma,
Jumamosi.

Kaka yangu Atiir,

Ejok. Mmeamkaje huko Lodwar, na kifua cha mama kinaendeleaje tangu vumbi lianze? Sisi huku ni wazima, ila mimi usingizi umenikimbia.

Ni huu mtandao wa kituo chetu cha masomo. Unajua unavyokatika wanafunzi wakijaa. Juzi ulikatika Magool akiwa katikati ya mtihani wake wa chuo, akalia, akaondoka bila kuaga. Walimu wakanong'ona kwamba Kuol, mlinzi wetu, anachomoa waya ili watu wahamie duka la mtandao la binamu yake. Madamu Chepkirui, mkuu wetu, akasema Jumatatu kwenye mkutano atamfukuza.

Hata mimi nilimshuku. Akinisalimia, namtazama mikono. Jana nikajifungia chumba cha mashine nimvizie. Kuol alikuwa langoni, namwona kabisa dirishani. Mtandao ukakatika vilevile.

Nikaichunguza mashine yenyewe. Wewe haya unayajua kuliko mimi, lakini naandika nilivyoelewa. Kosa liko kwenye draiva, ile programu inayoendesha kadi ya mtandao. Draiva hutenga mapema vipande vya memori vya kupokelea data. Data ikishasomwa, kipande hurudishwa. Hii yetu, data ikifika imeharibika, inaitupa lakini kipande haikirudishi. Watu wakizidi, memori inaisha, data inakosa pa kutua. Ukizima na kuwasha, inaanza upya.

Nilifurahi, kaka. Nilitaka kukimbia nimwambie Kuol. Kisha nikaona draiva iliyorekebishwa imo humo humo. Iliwekwa mwanzoni mwa mwaka, ikafanya kazi vizuri, halafu mtu akaiondoa na kuirudisha hii ya zamani, wiki ileile walipokataa kuongeza mkataba wako wa kutunza mashine hizi. Nywila tunayo sisi wawili tu. Mimi sikugusa.

Tangu hapo kila mtandao ukikwama wewe unaitwa kutoka Lodwar, unazima, unawasha, wanakushukuru. Na Kuol aliposhutumiwa mbele yako ulisema tu, "Mlinzi achunguzwe." Nilikuwa nimesimama ubavuni mwako.

Draiva nzuri nimeirudisha. Bado sijamwambia mtu. Lakini Jumatatu nitasimama upande wa Kuol, na wakiniuliza nitasema yote. Barua hii inakuja na gari la leo; panda la kesho, useme mwenyewe kabla sijasema mimi. Chakula cha jioni nitakuwekea.

Nisalimie mama na majirani wote. Haya usimweleze mama.

Mimi, bado dada yako,
Akai