Mizani Tupu ya Mlingotini

Mlingotini, Bagamoyo
12 Agosti 2025

Mpendwa mjukuu wangu Teddy,

Marahaba, maana najua shikamoo yako imetangulia. Hujambo huko Ujerumani? Kile kikohozi kimeisha? Sisi tunaamka, tunamshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Kwamba mnanasa kiini kimoja cha atomu ndani ya sumaku na kukipima, kisha mnapima na kile kinachobaki kikishabadilika, na tofauti ndogo kupita akili inawasaidia kukadiria uzito wa nyutrino, ile chembe iliyotoka bila kuonekana. Mwalimu mstaafu wa fizikia aombe nini zaidi?

Nami napimwa. Daktari anataka kilo zangu kila wiki, na zahanati ni mbali kwa miguu hii. Basi siku ya kupima mwani mkavu wa kuuza, jirani yangu Mwanajuma hunikalisha kwenye turubai na kunitundika kwenye mizani yake. Wenzake hunitania: "Mwalimu kakauka vizuri, mtieni kirobani." Nacheka nao.

Sasa niungame. Nilikuandikia kwamba naendelea vizuri. Siendelei, ninakwisha.

Tena kuna jambo ambalo hata padri sijamwambia. Mwanajuma, kabla ya kupima, hurudisha mshale kwenye sifuri bila kuutazama. Wote hapa hufanya hivyo, kwa kuwa chumvi hulegeza springi. Siku moja niliwahi kwenye banda la mizani kabla yake. Kulabu ilikuwa tupu, na mshale umesimama kwenye kilo moja na nusu. Nilipotundikwa, nilikuwa nimepungua kilo moja na nusu tangu wiki iliyotangulia.

Nilidhani ni upepo, nikafunga madirisha. Niliazima mizani nyingine mjini. Kila wiki ni vilevile: kinachonitoka nakikuta kimening'inia pale, kimya, na kulabu imevutika chini kama ninapotundikwa mimi.

Mwanajuma sijamwambia. Angeitupa mizani yake baharini, nayo ndiyo inayomlisha. Nimemwomba tu, siku nikifa, asiiguse mpaka ufike. Ameitikia, akidhani ni utani wa uzee.

Nilikufundisha kwamba kinachopungua lazima kimekwenda mahali. Ubaoni ilikuwa rahisi. Sasa naogopa, na sitaki kuondoka bila mtu wa kuangalia.

Kwa hiyo njoo, mama. Mazishi yakikupita si neno. Ukiingia bandani, usirudishe sifuri. Soma kwanza.

Nisalimie mama yako Asteria na baba yako mdogo Medard. Mungu akufunike popote ulalapo.

Akupendaye, hapa na kule alikotangulia,
Babu yako Amedeus