Besi Wamepanda Juu

Jumamosi, 12 Aprili
Ziwani tena kabla ya jua. Vidole vimekufa ganzi. Nimetumia chambo cha juu, kile cha mbao kinachoelea, chenye mdomo uliobonyea. Unakitupa karibu na majani, unasubiri viwimbi vitulie, unakivuta kidogo. Kinalia kama chura. Hakuna samaki. Maji bado baridi, besi, samaki ninaowawinda, wako chini kabisa. Nimefurahia ukimya. Kazini nimefika nikinuka tope.

Jumatano, 16 Aprili
Kamau, kaka yangu, amepiga simu kutoka Springfield. Anauliza kama besi wameanza kupanda. Kila mwaka baridi ikiisha tunavua pamoja hapa Columbia, huku ughaibuni, na yeye ndiye aliyenifundisha. Nimemjibu bado. Sikumkaribisha.

Mama alifariki Novemba, Jumapili. Kamau alikuwa amerudi nyumbani Nakuru kumuuguza. Mimi nikaambiwa Jumanne. Jumatatu nilifanya mtihani wa leseni ya uuguzi, nikatoka nikamtumia mama ujumbe wa sauti, nacheka. Nilikuwa namchekea mtu aliye mochari.

Nina hasira. Sijui niipeleke wapi.

Jumatano, 23 Aprili
Joto tangu juzi. Baada ya zamu nilitupa chambo kwenye kivuli cha daraja dogo. Maji yakapasuka. Nikavuta kwa pupa, nikamnyang'anya samaki chambo mdomoni. Kosa la mwanafunzi. Samaki akipiga huvuti, unangoja usikie uzito.

Mkubwa, huyo. Hakuna wa kumwambia ila mmoja. Nimemwandikia Kamau: Wamepanda. Njoo Jumamosi. Nimejuta papo hapo.

Jumamosi, 26 Aprili
Alikuja. Mawingu, manyunyu. Asubuhi nzuri kwa chambo cha juu. Tulisalimiana, basi. Alishika mmoja mapema, akamrudisha majini, akanitazama kama anangoja niseme kitu. Nikarusha changu kwa nguvu bila kuangalia nyuma.

Ndoana ikamwingia nyuma ya shingo.

Hakupiga kelele. Aliketi tu kwenye mbao za gati. Nilitenganisha chambo kwa koleo, ndoana ikabaki nyamani. Nikapitisha kipande cha mshipi wa kuvulia kwenye mkunjo wa ndoana, nikaikandamiza kwa kidole. Nywele zake za kisogoni zimejaa mvi. Sikuwa nimeziona.

"Ningekuambia, ungeuacha ule mtihani," akasema, akiangalia maji.

"Ningeuacha."

"Mama hangetaka."

"Hukuwa na haki ya kuniamulia."

"Ndiyo. Sikuwa na haki."

Nikavuta mara moja. Ikatoka. Damu kidogo. Nilisafisha, nikaweka plasta, na mkono wangu ukabaki begani kwake. Sikuuondoa haraka.

Bado naamini alikosea. Nimelia kwenye gari.

Jumapili, 27 Aprili
Nimempigia baada ya kanisa kuuliza hali ya kidonda. Hakijavimba. Amechomwa sindano ya pepopunda.

Kisha nikamuuliza kuhusu jioni ya mwisho ya mama. Sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nimejaa hasira, hapakuwa na nafasi ya swali.

Akanieleza polepole. Mama alitaka uji. Akalalamika hauna sukari, akaumaliza. Akaomba dirisha liachwe wazi asikie watoto wa jirani wakicheza. Akauliza kama huku kwangu kuna baridi. Akalala. Kamau akaketi kando yake, na hakujua ni saa ngapi pumzi ilikoma.

Alipomaliza nilimsikia akipumua, na nyuma yake magari ya barabara kuu. Hakukata simu. Nami sikukata.