Ngozi ya Mbuyu Wetu

Muthetheni,
9 Julai 2000

Kwa Baba Nthambi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na binti yako. Mkonge wa Voi haujakuchoma vidole? Na kile kifua chako? Sisi tuko, Mungu anatushikilia. Nthambi ametoa meno mawili. Ananiuma akinyonya halafu anacheka, tabia ya kwenu hiyo.

Mahindi yalikauka yakiwa kimo cha goti. Mtoto anaishi kwa uji ninaokorogea unga wa buyu, na sista wa kliniki amesema uzito wake haujashuka.

Sasa sikia. Nzuki ndugu yako anataka kuvua ngozi ya mbuyu tena, awapelekee wanawake wanaosuka vikapu vya vyondo nyuzi. Nikamwambia, shemeji, marehemu mama yenu alituachia sheria: ukivua ngozi, unarudi tu wakati mtoto aliyezaliwa mwaka huo ameanza kuchunga mbuzi. Mliivua mwaka Nthambi alizaliwa, na huyu hata kutambaa bado. Akacheka. "Basi mfunze kuchunga kesho!"

Ngozi mpya ni nyembamba sana. Panga itafika nyama ya ndani ya mti, na mbuyu ukikatwa nyama kiangazi kama hiki utaoza. Mimi ni mke tu, hanisikii. Wewe ndiye mkubwa wake. Andika neno moja tu umzuie, maana ataanza mwisho wa mwezi.

Mkeo,
Mama Nthambi


Voi,
21 Julai 2000

Mama Nthambi,

Hamjambo hapo nyumbani? Mimi niko, kifua kimetulia. Hayo meno yamenifurahisha wiki nzima.

Juu ya mbuyu, usigombane na Nzuki. Mimi ndiye nilimruhusu, alipokuja kuniona Pasaka. Watoto wake pia wanakula. Huku ndovu wanatoboa mibuyu tumbo mpaka mtu anaweza kuingia ndani, na bado imesimama. Mti huo ulimwona babu ya babu yangu. Panga ya Nzuki ni nini?

Mbusu mtoto.

Baba Nthambi


Muthetheni,
30 Julai 2000

Baba Nthambi,

Natumaini hujambo. Mtoto alikuwa na homa, sasa ameamka vizuri. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekasirika. Kumbe ni wewe.

Nzuki alianza Alhamisi. Panga ikiinuka inatoka na maji ya nyama. Alipofika upande wa mto nikakaa hapo na mtoto, mgongo kwa mti.

"Mama Nthambi, toka."

"Sitoki."

"Nitaita wazee."

"Waite, wakuje na viti vyao. Mimi nimeshakaa."

Akaenda, lakini amesema atarudi kila siku mpaka nichoke, na kuchoka nimeanza.

Nakuomba kitu kimoja. Hao ndovu wako, nenda uangalie mbuyu ambao walifika nyama. Usiangalie ile imesimama tu. Halafu uniandikie ukweli, hata kama ni mimi nimekosea.

Mkeo,
Mama Nthambi


Voi,
13 Agosti 2000

Mama Nthambi,

Mmeamkaje? Homa ya mtoto haijarudi?

Leo sikuenda kanisa. Nilienda kuona mibuyu ya ndovu na Mbithi, tunayekata mkonge naye. Mibuyu iliyochunwa ngozi tu imejifunika, imekuwa laini kama goti. Mmoja walichimba mpaka ndani. Umelala chini. Niliweka mkono ukaingia mpaka kiwiko, kama ugali uliochacha. Mbithi akasema, "Twende, ndugu, huyu ameshazikwa."

Ndani ya hii kuna barua ya Nzuki. Mpe mbele ya watu. Nimemwambia aache, na kwamba kosa ni langu. Usiondoke hapo ulipokaa.

Baba Nthambi


Muthetheni,
26 Novemba 2000

Baba Nthambi,

Uko mzima? Sisi tuko. Nthambi anasimama akishika vitu.

Barua yako ilifika Septemba. Nimekawia kujibu kwa sababu sikutaka kukupa habari nusu.

Ilipofika, Nzuki alikuwa amemaliza pande zingine zote. Upande wa mto hakugusa. Nilikuwa nakaa hapo nikisuka, nikinyonyesha, mpaka akachoka kunitukana. Nilimpa barua mbele ya mke wake. Akasoma, akaikunja. Kesho yake alileta matawi ya miiba akazungushia mti, mbuzi wasilambe kidonda.

Mvua imekuja. Mibuyu yote ya ng'ambo imevaa majani. Wetu umetoa machache, upande wa mto tu. Kule kwingine ukibonyeza, kidole kinaingia. Nzuki anapita kila asubuhi. "Unapona?" Namwambia, sijui, shemeji. Sijui kama unapona ama unaaga.

Mabuyu tuliyoweka yameisha. Leo Nthambi ameona yale majani akanyoosha mkono, maana mke wa Nzuki alimwonjesha mboga ya majani ya mbuyu juzi. Sikuchuma. Nimempa uji mtupu na amelia mpaka akalala. Unisamehe, lakini hayo machache nimeyaacha juu. Wacha mti ushibe kwanza.

Mkeo,
Mama Nthambi