Salamu Nilizozifuta

Jumatatu, 2 Juni
Umeme umerudi saa nne. Kompyuta zimewaka, moja imegoma kama kawaida yake. Somo la leo: kupanga picha kwenye ukurasa wa tovuti. Baridi ya Ufipa haina adabu. Mikono ya wanafunzi imekufa ganzi, wanachapa kwa kidole kimoja.

Mkuu wa chuo kaingia bila kubisha. Ijumaa anataka ukurasa wa mwanafunzi ufunguke kwenye simu yake. La sivyo chumba wanapewa watu wa ushonaji na kozi yangu inafungwa. Kasema hivyo mbele ya wanafunzi! Nimeudhika. Sijala mchana.

Jumanne, 3 Juni
Tegemeo langu ni Skola. Wengine kurasa zao bado nusunusu. Wake ni wa akina mama wa Chala wanaouza maharage, mama yake ndiye mwenyekiti wao. Picha safi, rangi zimetulia. Ila juu kabisa kaweka salamu. Salamu gani hizo! Shikamooni wazee, poleni na kazi, za huko mtokako, watoto hawajambo, mvua zilinyeshaje kwenu. Unasogeza kidole mpaka unachoka, maharage huyaoni.

Nimemwambia mnunuzi hana muda huo. Kanijibu polepole, "Mwalimu, mama kasema hatuwezi kuanza na bei." Hakufuta. Mbishi huyu binti.

Jumatano, 4 Juni
Nimefuta mwenyewe. Skola alikuwa ametoka kunywa chai. Bei juu, namba ya simu chini yake, basi. Aliporudi akatazama, akachukua sweta lake, akaondoka. Hakuaga. Skola, anayesalimia hata paka!

Nimepiga simu, hapokei. Nimewaza kuupandisha mtandaoni bila yeye. Picha za akina mama, jina lao. Huo ni wizi tu. Najizungusha chumbani kama kuku anayetaka kutaga.

Alhamisi, 5 Juni
Nimekwenda Chala. Vumbi mpaka kwenye kope. Mama Skola alikuwa anapepeta maharage uani. Nilitaka kuomba radhi papo hapo nigeuze, gari la kurudi halisubiri mtu. Hakunipa nafasi. Shikamoo, marahaba. Za Sumbawanga. Za kazi. Na kwenu Mbeya, wamelimaje mwaka huu?

"Mama hajambo?" Hajambo. "Mlionana lini?" Nikasema tunaongea kwa simu. Mama yangu nampigia nikiwa natembea, nusu ya maneno yake siyasikii. Gari likapita, nalisikia kabisa; baadaye ikabidi nirudi kwa lori. Chai ikaletwa.

Ndipo nikasema: nilifuta salamu zenu bila ruhusa, nisameheni. Mama Skola akacheka. "Mwalimu, ulitaka tuingie kwa watu bila hodi?" Nikaona aibu. Skola alikuwa jikoni, hakunitazama. Kasema atakuja kesho. Sina hakika.

Ijumaa, 6 Juni
Kaja! Salamu karudisha zote, hakupunguza hata moja. Nami nikaziacha. Mtandao wa chuo ukaanza kusuasua mkuu akiwa mlangoni. Nilitaka kulia. Skola akaunganisha kompyuta na bando la simu yake, ukurasa ukapanda.

Mkuu akausoma kwenye simu yake, midomo ikicheza. Nikangoja aseme ni mrefu. Alipofika kwenye watoto, akajibu kwa sauti, bila hata kujijua: "Hawajambo." Hakuna aliyethubutu kucheka. Akaendelea kushuka mpaka kwenye maharage, akauliza kama ya njano yapo.

Chumba tunabaki nacho mpaka muhula uishe. Baada ya hapo sijui.

Jumapili, 8 Juni
Upepo umetulia. Nimetoka kanisani, nikaketi, nikampigia mama. Nikamuuliza usingizi, mguu wake, majirani mmoja mmoja, migomba, kuku. Sikuwa na haraka. Alijibu yote. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, niambie tu. Nani amefariki?"