Uso wa Maria wa Karuba

Jumatatu, 5 Agosti
Nimenoa patasi tangu asubuhi. Mvua. Gogo la Mama Kavira bado linanuka ubichi. Yeye ni mfanyabiashara wa Butembo, ana duka hapa Karuba. Anataka sanamu ya Bikira Maria kwa kanisa letu. Kazi kubwa ya kwanza tangu nifungue ateliye, karakana yangu hii ya mbao na turubai. Ningepaswa kufurahi. Sisikii kitu.

Jumatano, 7 Agosti
Mabega yametokea, na mikunjo ya nguo. Uso bado.
Papa Anatole, aliyenifundisha kule Kibua, aliniweka mwaka mzima nichonge michi na miiko. Halafu viti. Nyuso mwishoni kabisa. Wazee walimuuliza kwa nini anampa mwanamke tezo, wakati sanamu za mila mwanamke haruhusiwi hata kuziona. Alinihamishia nyuma ya jiko, akaendelea kunifundisha.

Jumamosi, 10 Agosti
Furaha, binti wa Papa Anatole, amepiga simu. "Dada, Papa amekufa. Tulimuzika jana."
Barabara ya Kibua imefungwa na vita. Hata wangeningoja nisingefika. Nilisema asante. Sijui kwa nini asante.
Nikarudi kwenye gogo. Kufika saa kumi macho yote mawili yalikuwa tayari. Mkono ulifanya kazi. Mimi sikuwepo.

Jumanne, 13 Agosti
Pua. Mdomo. Jirani alikuja kunipa pole, akakaa, akaondoka. Sijalia.

Ijumaa, 16 Agosti
Mama Kavira amekuja kuona. Alimzunguka Maria mara mbili.
"Huyu iko anachoka. Maria hawezi choka. Umuweke kicheko kidogo."
Nilishika patasi, nikaiweka kwenye pembe ya mdomo. Pigo moja lingetosha. Nikaiondoa.
"Hapana, Mama. Njo uso wake huu, ndivyo ulivyo."
Hakugombana. Alisema atatafuta Maria wa plasta kule Goma, akaenda zake. Nilisikia hofu, basi. Majuto hapana.

Jumatatu, 19 Agosti
Amerudi. Na wamama watatu wa kanisa. Mmoja ni Mama Beatrisi, aliyekimbia vita Muheto mwezi uliopita, akiwa na watoto wanne, godoro kichwani. Alimgusa Maria shavu.
"Huyu ametembea," alisema.
Mama Kavira akavua kitenge chake cha juu, wakamfunika Maria nacho, wakambeba kwenda kanisani.
Ateliye ni tupu. Nimefagia.

Jumapili, 25 Agosti
Misa. Nilikaa benchi ya nyuma. Wamemsimamisha kando ya altare. Mama nisiyemjua aliniuliza nani alimuchonga.
"Njo mimi nilimuchonga."
Akauliza nilijifunza kwa nani. Nikataja jina la Papa Anatole, kwa sauti, mara ya kwanza tangu azikwe. Hapo machozi yakaja. Si mengi. Yule mama alisogea karibu. Wimbo ukaanza, tukasimama.