Sauti ya Gari la Makene

Mpemba,
Tunduma.
14 Juni 2024

Mdogo wangu mpendwa Mabula,

Habari za Maskati na joto lake? Natumaini u mzima na kile kifua hakikusumbui tena. Huku ni baridi na upepo, wewe uliyezoea kiyoyozi ungelia. Mama hajambo, mguu umepungua kuvimba.

Mimi nipo. Tangu tumzike ndugu yetu Makene, nakula kwa sababu sahani imeletwa na nalala kwa sababu giza limeingia. Sijalia hata mara moja. Watu wanasema nina moyo mgumu, nami sina nguvu ya kubishana nao. Wewe usijilaumu kwa kukosa kuja kuzika. Sisi tuliokuwepo hatukufanya cha maana zaidi ya kusimama pale.

Uliniuliza kuhusu Subaru yake, tuidhibiti vipi presha ya turbo. Shemeji Edina ndiye anayeiendesha sasa, anafuata mchele bondeni na kuuza hapa Tunduma. Injini ikifa, watoto wa marehemu hawana kitu kingine. Kwa hiyo nimelifikiria jambo hili kama fundi, ingawa kichwa changu ni kizito siku hizi.

Ile valvu ya mkono aliyofunga Makene, ya kuongeza hewa ambayo turbo inaisukumia injini, ni nzuri kwa kijana anayetafuta sifa. Aliizungusha kwa vidole akiwa huku juu, ambako hewa ni nyepesi. Ukishapita Ndalambo na kuteremka bondeni, hewa inakuwa nzito na joto ni kali. Geji inaonyesha namba ileile, lakini injini inameza hewa nyingi zaidi na kuanza kugonga ndani, mwisho ife. Makene aliijua sauti ya kugonga, akiisikia anapunguza mafuta mguuni. Edina haijui.

Ungekuwepo ungesema niitoe siku ileile. Sikuitoa. Siku chache baada ya kuanua matanga, nililiendesha gari, Edina pembeni yangu, hadi nyumbani kwa mama bondeni likiwa vilevile alivyoliacha. Unakumbuka kile kilima kabla ya boma, ambapo Makene alikuwa akikanyaga mpaka turbo inapiga mluzi, na mama akiusikia anainjika maji ya ugali? Nami kilima kilinilazimisha kukanyaga. Nilipofika, mama alikuwa ameshainjika sufuria.

Edina aliingia ndani. Mama alisonga ugali, akautenga pale Makene alipozoea kukaa. Nikakaa mimi, nikala wote.

Niliporudi Mpemba niliifungua valvu nikaitoa, nikaacha springi ya turbo izuie presha peke yake. Presha ni ndogo, gari ni pole, Edina yuko salama hata bondeni. Nikajiona nimemaliza, upande wa injini na upande wa mama.

Jumapili iliyopita tulikwenda tena. Tulipanda kilima kimyakimya. Mama alikuwa amekaa mlangoni, wala hakuinuka.

“Ngusa, ule mluzi umeupeleka wapi?” akaniuliza.

Nikamwambia nilidhani unamchanganya.

“Mwanangu, nilimzika mimi. Najua aliko. Nilitaka nisonge ugali kama anakuja, basi.”

Nilikwenda nyuma ya zizi, nikasimama na ng’ombe mpaka Edina akaja kuniita. Hata hapo machozi hayakutoka.

Basi, Mabula, nitumie kile kifaa cha umeme cha kudhibiti presha ulichosema. Sikitaki kwa ajili ya mbio. Nakitaka kwa sababu kinashika viwango viwili vya presha na mtu anachagua kwa swichi. Cha chini nitakipanga sawa na springi, kiwe cha Edina na mchele wake. Cha juu nitakipima kulekule bondeni, injini isigonge, na swichi nitaificha chini ya usukani niijue mimi. Kitatumika kwenye kile kilima tu.

Edina na watoto wanakusalimu sana. Wasalimie wenzako wa gereji.

Mama naye anakusalimu. Anasema siku ukija, hata ukija na gari la kukodi, upige honi tangu kilimani, ili ajue ni nani anamsongea.

Mungu akulinde ugenini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata ninaponyamaza,

Ngusa